Nyumba inang'aa kwenye kompyuta, lakini jua hilo ni la mji gani?

Fundi wa picha anashika kipanya cha kompyuta na kusogeza saa iliyo ndani ya programu, kutoka saa moja ya asubuhi mpaka saa kumi na moja ya jioni. Kwenye skrini jua linapanda juu ya ukuta wa kiwanja, kivuli cha mti wa avoka kinavuka uwanja, kisha mwanga unaingia kwa dirisha la saloni, unatambaa juu ya sakafu na kufika kwenye meza ya chakula. Yote hayo yanachukua sekunde chache. Mteja anaangalia, anatabasamu, na kuonyesha kwa kidole: hapo jua linapofika, ndipo kiti changu kitakaa.

Matukio kama hayo yanazidi kuonekana katika biro za wasanifu majengo, iwe Goma, Bukavu ama Lubumbashi. Zamani mteja alipewa karatasi yenye mistari na vipimo, na wengi waliitikia kwa kichwa bila kuelewa kitu. Sasa anatembezwa ndani ya nyumba ambayo haijachimbiwa hata msingi. Anafungua mlango, anageuka, anaona mwanga ukibadilika jinsi anavyogeuka. Familia nyingine ina mtoto Ubelgiji ama Canada anayetuma feza, na video iliyopita kwa WhatsApp ndiyo kitu pekee atakachoona kabla ya kutuma za kununua simenti.

Swali ambalo mara nyingi halimtoki mtu mdomoni ni dogo tu: jua hilo ni la wapi?

Dirisha moja, miji miwili

SketchUp, moja ya programu zinazotumiwa sana duniani kuchora nyumba, ilitoka mwaka wa 2000 katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, Marekani. Kampuni iliyoitengeneza ilinunuliwa na Google mwaka wa 2006, na mwaka wa 2012 programu ikaenda mikononi mwa Trimble. Lakini alama ya mji wa kuzaliwa ilibaki ndani yake. Faili ambalo mtu hajaliambia liko wapi limekuwa likihesabu vivuli kana kwamba nyumba inajengwa Boulder, kwenye digrii 40 kaskazini ya ikweta. Goma iko karibu digrii 1.7 kusini. Bukavu iko 2.5 kusini, Lubumbashi karibu 11.7. Beni na Bunia ziko upande wa kaskazini wa ikweta, lakini kidogo sana.

Zipo pia programu za mwanga zinazofanya kazi juu ya SketchUp, kama Enscape ya Ujerumani, na hizo huchukua jua kutoka kwenye mpangilio huohuo. Kosa la faili linakuwa kosa la picha, ila sasa limevaa nguo za sikukuu.

Ukubwa wa kosa unaweza kupimwa kwa kalamu na karatasi. Tuseme dirisha la saloni linaangalia kusini, ukingo wake wa juu uko mita 2.1 kutoka sakafuni, na hakuna paa linalotokeza kulikinga. Tarehe 21 Desemba, katikati ya mchana, jua la Boulder liko chini, digrii 26 na nusu tu kutoka usawa wa ardhi. Linaingia ndani ya chumba zaidi ya mita nne. Siku hiyohiyo na saa hiyohiyo, jua la Goma liko kwenye digrii 68. Linaingia sentimita 84 na kuishia hapo. Ile meza ya chakula iliyong'aa kwenye picha haitaguswa na jua la mchana hata siku moja kupitia dirisha hilo.

Mwezi wa sita mambo yanageuka kabisa. Boulder, sawa na miji ya Ulaya, jua la katikati ya mchana liko kusini mwaka mzima. Goma, kuanzia katikati ya mwezi wa tatu mpaka karibu na mwisho wa mwezi wa tisa, jua la saa sita liko upande wa kaskazini. Lubumbashi linakaa kaskazini muda mrefu zaidi, karibu miezi minane. Kwa hiyo picha iliyobaki na jua la Marekani haikosei kipimo tu, inakosea upande. Mkaaji wa Lubumbashi aliyeonyeshwa kwamba chumba cha kaskazini ni cha kivuli siku zote atashangaa mwezi wa saba. Kama ni chumba cha kulala, pengine atafurahi, maana ni wakati wa baridi. Kama ameweka hapo stoo ya chakula, hatafurahi.

Kuna jambo lingine ambalo jua la kigeni linalificha. Karibu na ikweta jua linalosumbua zaidi si la saa sita. Kwa Goma, paa lililotokeza sentimita 60 juu kidogo ya dirisha lenye urefu wa mita 1.2 linatosha kulikinga dirisha hilo katikati ya mchana, mwezi wowote wa mwaka. Linalosumbua ni la asubuhi na la jioni. Hilo linakuja kwa usawa wa macho, linaingia moja kwa moja kwa madirisha ya mashariki na magharibi, chini ya manjanja, na paa la kawaida haliwezi kulizuia. Msanifu anayejua kazi yake huliona hilo kwenye skrini kwa kusogeza saa, na anageuza nyumba nzima robo mzunguko kabla simenti haijanunuliwa. Hiyo ndiyo faida kubwa ya programu hizi, na ni faida ya kweli. Lakini inapatikana tu ikiwa mji umeandikwa na kaskazini ya mchoro ni kaskazini ya kiwanja. Kuviweka hivyo viwili ni kazi ya dakika chache.

Kutoka saa nzima mpaka nukta ya sekunde

Watu huamini picha hizi kwa sababu sehemu kubwa ya mwanga wake si rangi iliyopakwa na mchoraji. Ni hesabu.

Mwaka wa 1980 mtafiti Turner Whitted, aliyekuwa katika maabara ya Bell huko Marekani, alitoa makala iliyoeleza namna ya kuchora mpira wa kioo, kivuli chake na vitu vinavyoonekana ndani yake. Wazo lenyewe lilikuwa la kugeuza safari. Mwanga mwingi unaotoka kwenye taa haufiki kamwe machoni mwa mtu, kwa hiyo kuufuata wote ni kupoteza nguvu. Kompyuta ianze kwenye jicho, ipige mstari kupitia kila nukta ya skrini, ione mstari huo unagonga nini, kisha iulize: kutoka hapo taa inaonekana ama imezibwa? Picha yake mashuhuri, mipira miwili juu ya sakafu ya miraba, ilichukua dakika 74 kwenye kompyuta kubwa ya wakati ule. Picha moja tu, isiyosogea.

Hata hivyo mwanga wa nyumbani hauji wote kutoka kwa taa ama kwa jua. Sehemu kubwa umeruka kutoka ukutani. Mwaka wa 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha hesabu ya jambo hilo kwa kutumia sanduku tupu lenye kuta za rangi tofauti: ukuta mwekundu unamwaga wekundu kidogo juu ya ukuta mweupe ulio karibu. Mtu wa Lubumbashi mwenye nyumba mbele ya barabara ya udongo mwekundu analijua jambo hilo bila kulisoma popote. Mchana jua likiwa kali, dari nyeupe ya baraza yake inachukua wekundu wa udongo.

Miaka miwili baadaye James Kajiya wa California aliandika kanuni moja inayokusanya yote hayo. Kwa maneno ya kawaida inasema hivi: mwanga unaotoka kwenye kila nukta ya ukuta ni ule inaoutoa yenyewe, ukijumlisha ule inaoupokea kutoka pande zote na kuurudisha. Ugumu uko hapo kwenye pande zote. Ukuta unategemea dari, dari inategemea sakafu, na sakafu inautegemea ukuta uleule. Kajiya alipendekeza kutokumaliza hesabu hiyo bali kuionja: tuma miale ovyoovyo, mingi, chukua wastani wake. Ukituma michache, picha inajaa chengachenga kama mchanga. Ili kupunguza chenga hizo kwa nusu, miale inabidi iongezwe mara nne.

Skrini ya kawaida ina nukta zaidi ya milioni mbili. Kutuma miale 1,000 kwa kila nukta ni miale bilioni mbili kwa picha moja, na kila mmoja unaruka mara kadhaa. Ndiyo maana kwa miaka mingi biro za usanifu ziliacha kompyuta ikifanya kazi usiku kucha ili asubuhi kuwe na picha moja ya saloni. Waliotaka kutembea ndani ya nyumba walikuwa na njia nyingine, ya kuoka mwanga kama mkate: kompyuta inahesabu usiku, inaugandisha mwanga juu ya kuta kama rangi, na kesho yake mtu anatembea haraka. Mteja akiomba dirisha lisogezwe mita moja, mkate unarudi kwenye moto.

Mabadiliko yalikuja kutoka kwenye michezo ya video. Mwaka wa 2018 kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilitoa kadi za picha za RTX, zenye sehemu maalum iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kutafuta mwale umegonga nini. Mwaka wa 2022 Epic Games, inayojulikana na vijana kwa mchezo wa Fortnite, ilitoa Unreal Engine 5 ikiwa na mfumo wa mwanga unaoitwa Lumen. (Jina linachanganya, kwa kuwa lumen ni pia kipimo cha mwanga wa balbu.) Epic ilikuwa imekwisha kununua, mwaka wa 2019, programu ya wasanifu majengo Twinmotion kutoka kampuni ya Ufaransa ya Abvent, na mfumo huo wa michezo ukaingia ndani yake. Lumion ya Uholanzi na D5 Render ya China nazo ziko kwenye mashindano hayo. Siku hizi dirisha linasogezwa na mwanga wa chumba kizima unabadilika mteja akiwa bado amenyoosha kidole.

Mashini inapokisia

Kasi hiyo ina bei yake, na si ya feza peke yake. Ili picha isikatikekatike, kompyuta inabidi itoe picha 30 mpaka 60 kila sekunde. Kwa picha 60, kila moja ina muda wa milisekunde 16 na kidogo. Hakuna kadi inayoweza kumaliza kanuni ya Kajiya kwa muda huo kwenye nyumba nzima. Kwa hiyo programu inatuma miale michache, inakumbuka majibu ya picha iliyopita, inalainisha chenga, na inapokosa jibu inakisia.

Makisio yenyewe yanaonekana kwa anayejua pa kuangalia. Baadhi ya njia za haraka hutafuta kwanza jibu ndani ya kile ambacho tayari kiko kwenye skrini. Weka kioo kikubwa ukutani, kisha geuza kamera kidogo mpaka kabati litoke pembeni ya skrini: katika programu inayotegemea njia hiyo peke yake, kabati linatoweka pia ndani ya kioo. Ama zima taa ghafla, uone mwanga wake ukichelewa kuondoka kama mgeni asiyetaka kuaga.

Kuna udhaifu mmoja unaowahusu watu wa Kivu zaidi kuliko wale walioitengeneza programu. Lumen, inapotumia njia yake nyepesi, haiangalii kuta zenyewe bali umbo lililorahisishwa la kila kitu. Maelezo ya Epic yenyewe yanashauri kuta zisiwe nyembamba kuliko sentimita 10, la sivyo mwanga unavuja. Kwa nyumba ya matofali ama ya bloki hakuna tatizo. Lakini Goma ni mji wenye nyumba nyingi za mbao, ambazo kuta zake ni ubao na nguzo, na paa ni manjanja yenye unene usiofika hata milimita moja. Mchoraji mwaminifu anayechora ubao kwa kipimo chake halisi anaweza kupata mstari wa mwanga chini ya ukuta, ama dari inayong'aa bila sababu. Mteja asiyejua ataona chumba chenye mwanga mzuri. Ukweli ni kwamba mwanga huo umepita katikati ya ubao.

Njia ya kuzuia hilo ipo. Mchoraji anaongeza unene wa ukuta kwa upande wa nje, ama anakagua picha ya mwisho kwa njia ya polepole inayofuatilia miale yote. Twinmotion, D5 na nyinginezo zinayo, inachukua dakika badala ya nukta ya sekunde. Picha hizo mbili zikiwekwa pamoja, tofauti inajitokeza yenyewe. Biro inayoonyesha zote mbili inastahili kuaminiwa kuliko ile inayoonyesha moja iliyopambwa.

Rangi ya vitu nayo inadanganya kimyakimya. Goma imejengwa juu ya lava ya Nyiragongo, na mawe hayo meusi ndiyo msingi, ndiyo uzio, mara nyingine ndiyo ukuta. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe unaweza kurudisha karibu asilimia 80 ya mwanga unaoupokea. Ukiruka mara mbili bado zinabaki 64. Tuseme jiwe jeusi linarudisha asilimia 10: baada ya kuruka mara mbili inabaki asilimia moja. Uwanja wa mawe meusi mbele ya dirisha na uwanja wa simenti nyeupe havitoi saloni ileile, hata kama dirisha ni lilelile. Picha za mawe zinazokuja pamoja na programu hizi hazikupigwa Goma. Mchoraji akichukua jiwe la kijivu kwa sababu ndilo linalopendeza, amempa mteja mwanga ambao kiwanja hakina.

Jicho linalojirekebisha

Udanganyifu mkubwa kuliko yote, hata hivyo, haumo kwenye miale. Uko kwenye kitu ambacho kila mwenye simu anacho mfukoni. Mtu akipiga picha ndani ya chumba chenye giza, simu inaongeza mwanga yenyewe, na picha inatoka safi. Programu za majengo zinafanya hivyohivyo. Zinapima chumba, na kama ni giza zinafungua jicho la kamera mpaka kila kitu kionekane. Matokeo yake ni kwamba chumba chenye mwanga wa kusomea na chumba ambacho mtu atatafuta viatu vyake kwa kupapasa vinaweza kutoa picha zinazofanana.

Mwanga unaofika juu ya kitu unapimwa kwa lux. Jua kali la mchana linatoa karibu lux 100,000. Siku ya mawingu ni karibu 10,000. Meza ya biro inahitaji karibu 500. Kipimo kimoja ambacho wasanifu wamekitumia kwa muda mrefu ni kulinganisha mwanga wa ndani na ule wa nje siku ya mawingu. Asilimia mbili mara nyingi hutajwa kama mwanzo wa chumba kinachofaa. Kwa siku ya lux 10,000 hizo ni lux 200. Nyuma kabisa ya chumba kirefu chenye dirisha upande mmoja, ziko chini ya hapo. Kanuni ya mafundi inasema mwanga wa nje unafaa mpaka umbali wa mara mbili, ama mbili na nusu, ya urefu wa kichwa cha dirisha kutoka sakafuni. Dirisha la mita 2.1 linahudumia mita nne na kitu, mita tano kwa shida. Saloni ya mita nane ambayo kwenye skrini inang'aa mpaka mwisho inaomba maelezo.

Maelezo hayo yanaweza kutoka kwenye programu nyingine, zisizopendeza machoni. Radiance, iliyoanzishwa na Greg Ward katika maabara ya taifa ya Berkeley huko California, imekuwa ikihesabu mwanga wa majengo tangu miaka ya 1980, na inatolewa bure. DIALux ya Ujerumani, ambayo pia ni ya bure, inatumiwa na wanaopanga taa. Hizo zinatoa namba na ramani za rangi, si ndoto. Mteja hana haja ya kuzijua. Anachoweza kufanya ni kuomba kamera ifungwe: mchoraji aweke kipimo kimoja cha jicho la kamera, kisha aonyeshe baraza, saloni na korido kwa kipimo hichohicho bila kukigusa. Korido ikiwa nyeusi kwenye skrini, itakuwa nyeusi na nyumbani.

Kwa taa za usiku ni hadithi ileile. Balbu ya kawaida ya LED ya wati 9 inatoa karibu lumen 800. Kwenye programu, mchoraji anaweza kuandika 8,000 na hakuna atakayemshtaki. Anaweza pia kuficha taa isiyo na umbo nyuma ya kochi, ili kona ipate uhai. Wapiga picha wa sinema wanafanya hivyo kila siku. Tofauti ni kwamba sinema haiuzi nyumba. Watengenezaji wengi wa taa hutoa faili dogo linaloeleza taa yao inamwaga mwanga upande gani na kwa nguvu gani, na karibu programu zote za aina hii zinaweza kulisoma. Nani anayelitumia, hasa pale ambapo balbu itakayofungwa ni ile itakayopatikana sokoni siku hiyo?

Bei ya kuingia

Sehemu ya habari njema ni kwamba programu zenyewe si kizuizi tena. Blender, ambayo mwaka wa 2002 ilikombolewa kwa mchango wa euro 100,000 uliokusanywa na watumiaji wake, ni ya bure kwa mtu yeyote. Tangu mwaka wa 2019 ina mashini ya picha za papo hapo inayoitwa EEVEE, ambayo iliandikwa upya katika toleo la 4.2 la mwaka wa 2024. Twinmotion nayo, tangu mwaka wa 2024, haidai kitu kwa mtu ama kampuni isiyoingiza dola milioni moja kwa mwaka. Ni wasanifu wangapi wa mashariki mwa Congo watakaoshindwa kutimiza sharti hilo?

Kizuizi ni chuma. Kadi ya RTX 3060 ilitoka mwaka wa 2021 kwa bei rasmi ya dola 329, na inakula wati 170. RTX 4090 ya mwaka wa 2022 ilianzia dola 1,599 na inaweza kuomba wati 450, bila kuhesabu kompyuta yenyewe. Hizo ni bei za Marekani, kabla ya ndege, forodha na faida ya muuzaji. Na wati 450 ni mzigo wa kufikiria pale ambapo umeme ukikatika kazi inahamia kwenye betri za paneli za jua ama kwenye jenereta. Mwanafunzi mwenye kompyuta ndogo ya mkononi bado anaweza kufanya kazi: anapunguza ukubwa wa picha, anazima kuruka kwa mwanga anapochora, anakuwasha anapomaliza. Kazi yake haitapendeza kama ya jirani mwenye kadi kubwa. Lakini inaweza kuwa na ukweli zaidi, kwa sababu jua lililowekwa mahali pake halihitaji kadi ya gharama.

Kuna jaribio ambalo halihitaji umeme kabisa. Mwenye kiwanja achukue fimbo iliyonyooka ya mita moja, aisimike wima mahali saloni itakapokuwa, angoje saa sita na dakika chache. Goma, tarehe 21 Juni, kivuli chake kitakuwa na sentimita 47 na kitalala kuelekea kusini. Lubumbashi siku hiyo kitafika sentimita 70, kusini pia. Tarehe 21 Desemba, Goma, kitakuwa sentimita 40 kuelekea kaskazini. Kisha aende kwenye biro, aombe fimbo kama hiyo ichorwe ndani ya faili la nyumba yake, tarehe na saa ziwekwe zilezile. Kivuli kwenye skrini kikilala upande mwingine mwezi wa sita, ama mwezi wa kumi na mbili kikiwa na mita mbili nzima, nyumba hiyo bado iko Boulder.